Bwana Kirkman na Vigae vya Gede

Msomaji mpenzi, siku utakapopata wasaa wa kwenda Gede, mwendo wa kama kilomita 16 kusini ya Malindi, usiishie kupiga picha langoni ukarudi zako. Ingia mpaka kwenye Msikiti Mkuu, usimame mbele ya kibla, utazame vyema. Kandokando ya tao utaona vishimo vya mviringo, vimechongwa kama kwamba kila kimoja kilipimwa kwa chombo chake. Na ndivyo ilivyokuwa. Waliojenga msikiti huo katika karne ya 15 walipachika humo mabakuli ya kauri kutoka China, yakang'aa mbele ya macho ya wenye kusali. Vyombo hivyo vilitoka mbali, vikapita mikono mingi na majahazi mengi, na mwisho wa safari vikapewa mahali patukufu kuliko meza ya tajiri yeyote. Leo kilichobaki ni vishimo.

Mimi nilivitia vidole vishimo hivyo nikiwa mtoto wa chuoni. Maalimu wetu alituchukua Gede siku moja ya mapumziko, sote na kofia zetu, na jambo alilotaka tulione halikuwa kauri bali ni kaburi. Alitusimamisha mbele yake, akatuonyesha maandishi ya Kiarabu, akatueleza kuwa ule ni mwaka wa 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Wenzangu walisikiliza. Mimi macho yangu yalikuwa chini. Njiani tulipokuwa tukitoka niliona kitu kinametameta kwenye mchanga, nikainama, nikakiokota: kigae cha rangi ya kijani kibichi, laini kama ganda la yai. Nikakitia mfukoni mwa kanzu, na sikumwambia mtu.

Kisa cha kigae hicho nitakimaliza mwisho. Kwanza nataka kumsimulia mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuokota vigae kama hicho, lakini si kwa namna niliyookota mimi. Mtu huyo ni hayati James Spedding Kirkman, Mwingereza, ambaye wasomaji wa tarehe za pwani yetu wanalijua jina lake, na ambaye vijana wengi wa Malindi na Kilifi hupita mbele ya kazi yake kila siku bila ya kumjua mwenyewe.

Ni lazima tuanze kabla yake. Mji wa Gede ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaufunika, na kwa muda mrefu wenyeji waliokaa jirani wakauacha ulale. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja, alifika hapo. Baada ya hapo wageni wakazidi kuja mmoja mmoja. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza magofu hayo kuwa ni mahali pa kihistoria, na mwaka 1929 ikabidi yawekewe ulinzi wa sheria, kwa sababu watu walikuwa wakiibandua kauri iliyopachikwa kwenye majengo. Hebu tafakari, ewe msomaji. Mji ulistahimili mvua na mizizi ya miti kwa miaka 300, lakini haukuweza kustahimili mapenzi ya watu wanaokusanya vyombo vya kale.

Kwani watu hao, wengi wao, hawakuwa na chuki na mji. Waliupenda. Aliyebandua bakuli alilipenda bakuli, akalisugua, akaliweka kabatini, akawaonyesha rafiki zake. Ila bakuli lilipotoka ukutani liliacha nyuma kila lililokuwa likilijua. Kabatini likawa chombo kizuri tu, kama vingine vilivyonunuliwa dukani.

Bwana Kirkman, aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Gede mwaka 1948 na umri wake umeshapita miaka 40. Mwaka huo magofu na msitu wake vilifanywa kuwa hifadhi ya taifa, naye akateuliwa kuwa mlinzi wa kwanza. Kichekesho ni kwamba mji wa Waislamu wa kale uliwekwa chini ya shirika lile lile la mbuga lililochunga tembo na simba. Alipewa ekari kama 45 za mawe, vichaka na nyoka, zilizozungukwa na ukuta wa mji, na humo akachimba kwa miaka kumi, hadi 1958.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji waliamini, na wako wanaoamini mpaka leo, kwamba wazee wa zamani hawajaondoka Gede, na kwamba mwenye kuuvunjia mji heshima hupatwa. Kirkman mwenyewe, msomi wa Kiingereza, hakuyacheka mambo hayo. Aliandika kuwa siku zake za mwanzo alihisi kama kwamba kuna kitu kinamwangalia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala si kwa urafiki, ila kinangoja jambo ambalo kilijua kuwa litatokea. Mimi naona hisia hiyo ilimsaidia. Mtu anayehisi kuwa anaangaliwa na wenye nyumba haingii chumbani na kukomba kila anachokiona.

Basi alifanya kazi gani hasa? Wengi hudhani kwamba mchimbaji wa mambo ya kale ni mtafuta hazina. La. Mtafuta hazina huchimba ili apate kitu kizima, na kilichovunjika hukitupa. Bwana Kirkman alichimba ili apate mpango. Mahali wanapokaa watu, taka hulala kwa tabaka: za mwaka huu juu ya za mwaka jana, na za mjukuu juu ya za babu. Sakafu ya chokaa ikijengwa, huzifunika taka za waliotangulia kama mfuniko wa chungu. Atakayechimba polepole, tabaka baada ya tabaka, na akaandika kila kigae kimetoka tabaka gani na chumba gani, ataweza kuusoma mji kama kitabu. Atakayetia mkono akachomoa bakuli zuri, amechana ukurasa.

Lakini kitabu kisicho na mwaka hakisomeki vizuri, na hapo ndipo lilipokuja lile kaburi la maalimu wetu. Kwa kuwa kaburi lina mwaka wake, 802 Hijria, kila kigae kilichokuwa chini ya msingi wake kilifika Gede kabla ya 1399 Miladia. Kaburi moja la Muislamu, ambaye jamaa zake waliona vyema kuandika mwaka juu yake, likawa msumari ambao tarehe ya mji mzima iliweza kutundikwa. Kirkman alilitolea kitabu kizima mwaka 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1954, alikuwa ameshatoa kitabu juu ya Msikiti Mkuu, na mwaka 1963 akatoa kingine juu ya jumba la mfalme.

Ndani ya vitabu hivyo vigae vimepangwa kama askari kwenye gwaride. Kuna vya rangi ya njano vyenye michoro myeusi, ambavyo ni vya Yemeni vya karne ya 14. Kuna vya buluu na kijani kutoka nchi nyingine za Kiislamu. Kuna vya China vya kijani, vya tanuri za Longquan, na kuna vyeupe vyenye maua ya buluu. Na wingi wake mkubwa, kuliko vyote hivyo vikijumlishwa, ni vigae vya udongo wa hapa hapa, vyungu na mitungi ya kupikia na kutilia maji, isiyo na mng'aro wowote. Hivi vya mwisho nakuomba uviweke akilini, tutavirudia.

Msomaji atauliza, je, vitu vizima havikupatikana? Vilipatikana. Mashuhuri kuliko vyote ni chupa ya kauri ya Kichina, shingo yake nyembamba na tumbo lake la mviringo, iliyochorwa kwa rangi nyekundu chini ya mng'aro wake. Rangi hiyo hutokana na shaba, na ilikuwa taabu kubwa kwa mafundi wa China, kwani moto wa tanuri ukizidi au ukipungua kidogo, nyekundu hugeuka kijivu. Kwa hiyo vyombo vya namna hiyo ni adimu hata huko kwao. Chupa hiyo ingeangukia mikononi mwa mkusanyaji, leo ingekuwa katika kabati huko ng'ambo, na bei yake mimi na wewe tusingeithubutu hata kuitamka. Badala yake inajulikana kwa jina la mji wetu.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni namna alivyozipa nyumba majina. Wenye nyumba majina yao yamepotea. Kirkman hakuwabunia mashekhe wala masultani. Alikiangalia kitu kilichokutwa ndani, akaipa nyumba jina hilo. Ndiyo maana mpaka leo ukizunguka Gede unapita Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Ushanga wa Venice, na Nyumba ya Fedha za Kichina. Kuna na Nyumba ya Jahazi, ambayo ukuta wake una picha ya chombo iliyokwaruzwa kwenye lipu. Mkasi wa mama aliyeshona, taa ya mtu aliyesoma usiku, ushanga uliokatika uzi: hivyo ndivyo vilivyokuwa vibao vya milango. Mkusanyaji angekichukua kijaluba na kuiacha nyumba. Yeye alikifunga kijaluba na nyumba yake kwa jina, hata mmoja akienda makumbusho na mwingine ukibaki msituni, wanabaki kuwa ndugu.

Wala hakuishia Gede. Mwaka 1954 alichimba Mnarani, juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, penye misikiti na makaburi ya mnara. Alikwenda Takwa upande wa Lamu, na Ungwana karibu na mto Tana, akatoa kitabu chake mwaka 1966. Kila alikokwenda alikuta hadithi ile ile: misikiti, makaburi, visima, na vishimo vya mviringo vilivyoachwa na mabakuli. Hapa petu, kaburi la mnara la Mambrui ni shahidi kwamba kauri haikuwekwa kwa ajili ya kula tu, bali marehemu nao walipambiwa.

Vigae hivyo vilitufundisha jambo jingine. Watu wa Malindi tunapenda, na ni haki yetu, kuhadithia twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China akafika mwaka 1415, na merikebu za Amiri Zheng He, mtoto wa Kiislamu wa Yunnan, zilizofika pwani hii. Lakini tabaka za Gede zaonyesha kuwa kauri ya China ilikuwa imeshaingia katika nyumba zetu kabla ya amiri huyo kung'oa nanga. Ililetwa na biashara ya kawaida, kutoka mkono hadi mkono, kupitia bandari za Bara Hindi na Ghuba, katika majahazi yaliyongoja kaskazi na kusi. Mwaka 2010 wataalamu wa China na Kenya walipochimba Mambrui walipata sarafu ya Mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Magazeti ya dunia yalipiga kelele. Mimi niliposoma nilisema moyoni kwamba sarafu hiyo imepata bahati, imekutwa na watu wanaoandika mahali ilipolala.

Mwaka 1958 Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na ambayo tangu 1895 ilikuwa gereza, iliacha kazi hiyo ya kufunga watu. Kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ilitengenezwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Aliyekabidhiwa ni Kirkman. Huko nako alichimba kwa miaka mingi, akaipambanua ngome ya Wareno na ya Waomani na ya askari wa baadaye, na kitabu chake kikubwa juu yake kikatoka mwaka 1974. Mwaka 1972 aliandika pia juu ya merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome. Hiyo ni Santo António de Tanná, iliyozama 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome, na kuanzia 1977 wapiga mbizi wakaja kuichimba chini ya maji.

Katika makumbusho hayo ndimo alimoviweka vigae vyetu vya Gede, Mnarani na Ungwana. Mwanafunzi wa Kilifi ambaye hana nauli ya kwenda hata Nairobi aliweza kusimama mbele ya kabati la kioo akaona babu zake walilia chombo gani. Hili si jambo dogo. Katika zama hizo vitu vya Afrika vilikuwa vikipakiwa masandukuni na kuvuka bahari, na makumbusho ya Ulaya hayakukosa nafasi ya kuviweka. Kirkman alistaafu mapema katika miaka ya 1970, na akafariki mwaka 1989. Vigae vilibaki.

Sasa, msomaji mpenzi, haki ina pande mbili, na mwandishi anayemsifu mtu bila ya kumpima humvunjia heshima. Kitabu cha kwanza cha Kirkman alikiita mji wa Gede kuwa ni mji wa Kiarabu. Mwaka 1964, katika kitabu chake juu ya watu na majengo ya pwani, alishikilia kuwa wajenzi wa magofu haya, ijapokuwa damu yao ilichanganyika na ya Waafrika, kwa utamaduni walikuwa mbali kabisa na Waafrika waliowazunguka. Kwa maneno mengine, Mswahili alikuwa mgeni nyumbani kwake, na Mgiriama aliyeshika jembe la kuchimbia Gede hakuwa na lake mle ndani.

Tumlaumu? Ndiyo, kwa adabu. Lakini tusimlaumu peke yake. Fikira hiyo ilikuwa ya wasomi wengi wa zama zake, na baadhi yetu sisi wenyewe wa pwani tuliipokea kwa mikono miwili, kwani ilitupendeza kuhesabu mababu wa ng'ambo na kuwasahau mabibi wa hapa. Kosa la Kirkman lilikuwa ni kusoma kwa jicho lililovutwa na king'aacho. Kauri ya China, vyombo vya Yemeni, ushanga wa Venice, vyote hivyo vilisema kuwa mji huu ulitazama bahari. Lakini vile vyungu vya udongo nilivyokuomba uviweke akilini, vilivyokuwa vingi kuliko vyote, vilisema ni nani aliyekaa jikoni, na ni chakula gani kilichopikwa, na ni lugha gani mtoto aliisikia kwanza. Alivihesabu, akaviandika, lakini hakuvisikiliza vya kutosha.

Waliomfuata walivisikiliza. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Yaani watu walikuwa Waislamu hapa kabla hawajajenga kwa mawe, na mji wa mawe ulikua kutoka mji wa miti kama mnazi unavyotoka kwenye nazi. Wasomi wa Kenya wenyewe, kama George Abungu aliyechunguza Ungwana na Chapurukha Kusimba, waliuonyesha uhusiano wa miji hii na bara lake. Kisha mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya kupima mifupa ya watu 80 wa kale wa miji ya pwani na jirani zake. Ilionekana kuwa tangu kama mwaka 1000 Miladia damu ya Kiafrika na ya Kiasia zilichanganyika, upande wa akina mama aghalabu ukiwa ni wa Kiafrika, na upande wa akina baba wengi wao wakiwa ni wa Kiajemi. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakusema uwongo, na bibi aliyefinyanga chungu naye amepata haki yake.

Lakini tazama ajabu hii: tumeweza kumsahihisha Kirkman kwa sababu ya Kirkman mwenyewe. Aliviandika hata vile visivyompendeza. Kigae cha chungu kisicho na thamani alikipa nafasi yake kitabuni na tabaka lake, na mjukuu akaja akasoma alichokipita babu. Kama Gede ingechimbwa na wakusanyaji, vyungu vingetupwa kichakani, kauri ingeuzwa, na leo tungekuwa tunabishana kwa kelele tu bila ya ushahidi. Kosa la rai hurekebishika. Kitu kilichong'olewa mahali pake hakirudi.

Nami nayasema haya nikiwa si msafi. Katika nyumba ya babu yangu Malindi palikuwa na zidaka za chokaa, na katika kidaka kimoja palikuwa na bakuli la kijani ambalo hakuna aliyejua liliingia lini. Bibi alikuwa akilifuta vumbi kila Ijumaa. Watalii walipojaa Malindi, mgeni mmoja aliingia barazani, akanywa kahawa, akaliona. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akampa. Pesa zilizopatikana zilinunua mabati, na sisi watoto tulilala pakavu msimu ule wa masika. Siwezi kumlaumu ami. Lakini mabati yameshaliwa na kutu, na bakuli, popote lilipo, halijui tena kuwa liliwahi kufutwa vumbi na bibi yangu. Ndivyo yalivyotoka mengi, si kwa wezi wa usiku, bali mchana, kwa kahawa na tabasamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo iko sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yataka mwenye kuvumbua kitu cha kale atoe habari, na hakuna ruhusa ya kukipeleka ng'ambo bila ya kibali. Mwezi wa Julai 2024 Gede yenyewe iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tumefurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila sheria haikai kidakani. Anayekaa karibu na kidaka ni mimi na wewe.

Narudi kwenye kigae changu. Kilikaa nami miaka na miaka, katika kikebe cha wino kwanza, kisha katika saraka ya meza yangu ya kazi. Nilipokuwa nikitafuta neno la kukamilisha beti, nilikuwa nikikitoa nikikipapasa kwa kidole gumba. Mwaka jana moyo ulinisuta. Nilikuwa ninaandika juu ya mabakuli yaliyobanduliwa, na ushahidi uko sarakani mwangu. Nikakifunga kwa leso, nikakipeleka kwa wahusika.

Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu nyingi. Aliniita mzee, akanipa kiti. Alikigeuzageuza kigae, akaniambia kwamba ni cha Longquan bila ya shaka, kisha akachukua kalamu na kuniuliza nilikiokota wapi hasa. Nikamjibu Gede. Akangoja. Akaniuliza tena kwa upole: ni upande gani wa ukuta, karibu na nyumba ipi, juu ya mchanga au ndani yake. Nikajaribu kukumbuka. Nilimkumbuka maalimu, nikazikumbuka kofia za wenzangu, nikaukumbuka mwaka 802. Njia yenyewe sikuikumbuka. Yule kijana aliandika maneno mawili matatu, akakitia kigae katika mfuko mdogo, akanishukuru.

Nilitoka nje nikiwa nimeelewa, kwa mara ya kwanza, kazi ya yule Mwingereza. Nilikitunza kigae hicho karibu umri wangu mzima, nilikipenda, sikukiuza wala sikukivunja. Na siku nilipokirudisha, kilikuwa bubu, na aliyekikata ulimi ni mimi.

Kwa hiyo nakuusia, ndugu yangu, na wewe dada yangu, na hasa nyinyi watoto mnaokwenda Gede na Mnarani na walimu wenu. Mkiona kitu kinang'aa mchangani, inameni mkitazame. Kisha kiacheni pale pale, mkamwite mlinzi. Na kama nyumbani kwenu kuna bakuli kidakani, muulizeni bibi habari zake leo, kabla hajaja mgeni, na kabla bibi hajaondoka. Mwacha asili ni mtumwa, na asili nyingine zimo ndani ya kitu kilichovunjika, madhali hakijaondolewa mahali kilipoangukia. Wabillahi taufiki.